Gari la Bei Nafuu kwa Mvua za Kasese: Anza Kulikagua Chini

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye mjini Kasese, Uganda, anaweza kuiona theluji ya milima ya Rwenzori kule kileleni, zaidi ya mita 5,000 juu, na hakuna gari litakalofika huko. Majira yanayomaliza magari huku chini ni ya mvua: Machi hadi Mei, kisha kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Lakini ukinunua gari lililotumika, Kasese au Bwera, huenda ukapewa ambalo baridi ya kweli limeshaionja. Mengi hutoka Japani, na kule kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kujificha kwenye mikunjo ya bati. Kutu inayoanzia hapo haisimami kwa sababu gari limeshushwa Mombasa.

Kwa hiyo boneti isubiri. Rangi, redio na viti vya ngozi navyo visubiri. Nenda na kipande cha turubai, tochi na bisibisi kuukuu, ulale chini ya gari kabla hujataja bei. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, mbele hadi nyuma. Bati zima hulia; lililooza hutoa sauti butu, na ukilisukuma kwa ncha, mara nyingine bisibisi huzama. Angalia kingo zilizo chini ya milango, sehemu shokapu zinapofungwa, na mabomba membamba ya breki yanayokwenda magurudumu ya nyuma. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kidole haina neno. Kutu inayobanduka matabaka matabaka ni sababu ya kumshukuru muuzaji na kuondoka, hata kama gari lenyewe linang'aa kwa nje. Na ukikuta chini ya gari la miaka ishirini pamepakwa rangi nyeusi ya lami mbichi kabisa, uliza ilipakwa lini na inafunika nini.

Huku kwetu kuna chumvi nyingine iliyo karibu zaidi ya ile ya Hokkaido, nayo ni ya Ziwa Katwe. Pikapu na magari ya bodi ndefu yaliyobeba chumvi kutoka ziwani yakapita Kikorongo kuelekea Kasese au Mpondwe huliwa kuanzia ndani ya bodi kwenda nje. Inua mpira uliotandikwa kwenye bodi. Muuzaji akisema gari lilibeba kahawa na matunda ya pasheni tu, msikilize kwa heshima, halafu uinue huo mpira hata hivyo.

Liko pia gari lililozama. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, maji na mawe viliingia mpaka hospitali ya Kilembe. Mito ya Nyamugasani, Mubuku na Lhubiriha nayo hutoka nje ya kingo zake. Japani vilevile hupata mafuriko, na magari yaliyozama huko hukaushwa yakauzwa kwa bei ya kutupa. Gari la namna hiyo huwaka na kutembea vizuri kwa wiki kadhaa, kisha umeme wake huanza vituko: taa ya breki huwaka peke yake, dirisha hugoma, kompyuta ya injini hufa mvua ikinyesha.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu huosha gari zima wakasahau mita moja ya mkanda iliyojiviringisha ndani, na hapo ndipo utaona mstari wa tope. Ondoa tairi la spea uangalie shimo linamokaa. Papasa boliti za viti kwa chini, maana ndani ya gari hakuna sababu ya boliti kushika kutu. Chungulia ndani ya taa za mbele kama kuna ukungu au vumbi la matope. Fungua boksi la kichujio cha hewa: alama ya maji humo ina maana injini ilikaribia kumeza maji, au ilimeza kweli. Injini iliyomeza maji ikiwa inazunguka hukunja konrodi, na matengenezo yake yanaweza kuzidi thamani ya gari la bei nafuu. Mwisho tumia pua. Gari linalonukia manukato makali saa nne ya asubuhi lina jambo linalolificha.

Sasa, gari gani? Watu wengi huku wakisikia mvua huwaza magurudumu manne yanayovuta. Mimi nasema anza na njia yako. Kama safari zako ni Kasese hadi Bwera na Mpondwe, hiyo ni lami, na gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele linatosha: Corolla ya zamani iitwayo Kikumi, Premio, Probox. Ukiwa mtu wa Kyondo, Kyarumba au Kitholhu, ambako lami huisha na udongo ukilowa huwa utelezi mtupu kwenye mteremko, unachohitaji kwanza ni gari lililoinuka. Corolla ya kawaida iko karibu sentimita 15 tu kutoka ardhini, na mtaro mmoja uliochimbwa na maji utakwangua sampu ya oili. RAV4 ya zamani ina nafasi zaidi. Lakini RAV4 yenye matairi manne ya kipara itateleza kuingia bondeni kama gari lolote, tena kwa gharama kubwa zaidi, kwa kuwa ina difu ya nyuma, propela shafti na viungo vingine vya kuharibika. Na ukiona gari la magurudumu manne limefungwa matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma, au mawili mapya na mawili yaliyokwisha, jua mfumo wake wa kugawa nguvu umekuwa ukisagika muda wote huo.

Usiamini maandishi ya 4WD yaliyobandikwa kwenye buti. Fungua boneti usome kibati chenye namba ya modeli. Corolla ya NZE121 huvutwa na magurudumu mawili. NZE124 ni ya magurudumu manne. Kwa Premio, ZZT240 ni mawili na ZZT245 ni manne. Tofauti hiyo hubadilisha bei, na madalali wengine huitaja wanavyotaka. Ukiwa bado hapo, angalia kama injini ni ya D-4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hukusanya masizi na huchukia mafuta machafu. Kwa mtu anayejaza petroli ya madumu kando ya barabara, mimi ningeiacha.

Matairi ndiyo nitakayosisitiza kupita yote, kwa kuwa ndiyo hukusimamisha barabarani ikiwa imelowa. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Mwisho wa mfululizo huo kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka sita mpira hukakamaa hata kama meno bado yapo, na joto la Kasese haliuhurumii. Nchi nyingi huruhusu meno yabaki milimita 1.6, lakini kwa mvua kubwa hiyo ni kidogo mno. Chini ya milimita 3 tairi huanza kushindwa kuyasukuma maji pembeni, na gari linaweza kuelea juu yake. Kisha kuna tairi linalodanganya wengi: lina meno marefu, limejaa vijistari vyembamba, na ubavuni limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji lililokuja na gari. Mpira wake ni laini kwa makusudi, uishike barabara ya barafu. Kwenye lami ya moto kati ya Kasese na Kikorongo huisha upesi, na breki ya ghafla huliyumbisha gari. Ukilikuta, hesabu kwamba gari halina matairi, uitoe thamani ya matairi kwenye bei.

Wakati mzuri wa kununua ni Januari na Februari, au Juni na Julai, kabla mvua haijaanza. Kiangazi kina hila yake, kwani gari linalovuja halionekani. Dawa ni kulipeleka panapooshwa magari na kuomba lipigwe maji ya mashine juu ya paa, kuzunguka kioo cha mbele na kwenye mipira ya milango. Halafu ingia, tia mkono chini ya zulia, mbele na nyuma, uone kama pamelowa. Jaribu wipa zote. Washa kiyoyozi; wengi hukidhani anasa, kumbe mvua ikinyesha na abiria watano wakipumua ndani, ndicho kinachofuta ukungu kwenye kioo. Muuzaji akikuletea gari lenye injini iliyokwisha kuoshwa ikameremeta, usikasirike. Liendeshe nusu saa, kisha uchungulie tena chini yake, maana oili inayovuja itakuwa imerudi.

Injini ikutane nawe ikiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina joto, omba urudi kesho yake asubuhi, kwa sababu kuna kasoro zinazoonekana tu gari linapowashwa mara ya kwanza. Toa dipstiki: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, iwe kwa gasketi iliyoungua au kwa mto. Mafuta ya gia boksi ya otomatiki nayo yawe mekundu na mepesi. Yakiwa na rangi ya waridi yenye povu, maji yameingia. Kisha panda nalo kuelekea Kilembe, ukiangalia mshale wa joto wakati wa kupanda, na breki na gia ndogo wakati wa kushuka. Mlima utakuambia mengi kuliko kuzunguka mtaani mjini. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe mapema, ili riziki yake ya siku isitegemee wewe kununua.

Karatasi nazo zina mvua zake, hasa Bwera. Pale mpakani magari yaliyotoka Mombasa yakiwa njiani kwenda Kongo hupita kama transiti, bila kulipiwa ushuru wa Uganda. Gari la namna hiyo likiuzwa upande huu, bei huwa tamu mno, na mamlaka ya mapato, URA, ikilikamata hasara ni ya anayelishika. Lenye namba za Kongo, ambalo mwenyewe anasema "tutabadilisha baadaye", liache. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na iliyo kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Hakikisha jina la kwenye logibuku ni la anayekuuzia, au ana barua ya mwenye gari. Ulizia faini za trafiki zisizolipwa, kwa kuwa hufuata gari. Mkataba uandikwe, wawepo mashahidi, na mwenyekiti wa kijiji (LC1) agonge muhuri, kisha fanya uhamisho mara moja, ukiwa na namba yako ya mlipakodi.

Namba ya gari isikudanganye kuhusu umri. Huonyesha lini lilisajiliwa Uganda, haionyeshi lini lilitengenezwa. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi, wakati Kenya huruhusu miaka 8 tu. Basi Kikumi yoyote unayoonyeshwa leo imekuwa nchini muda mrefu, na imeshapita mikononi mwa wenyewe wengi. Kwa gari hilo historia yake ya huko Japani haina maana tena. Mtafute fundi aliyekuwa akilitengeneza.

Pesa usizimalize kwa muuzaji. Ningebakiza moja ya tano: matairi, breki pedi, mipira ya wipa, betri, oili zote. Katika kupatana, dai punguzo kwa vitu vinavyobadilishwa, kama matairi, shokapu na bushi. Kwa chesisi iliyooza, gari lililozama na karatasi zenye utata, usiombe punguzo, maana hakuna punguzo linalotosha.

Na gari likishakuwa lako, mto ni mto. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Yakifika 60 hubeba karibu gari lolote, pikapu zikiwemo. Maji ya kahawia hayakuonyeshi kama daraja bado lipo chini yake. Mafuriko ya Rwenzori mara nyingi hutokana na mvua iliyonyesha juu milimani huku wewe uko juani, na maji hupungua baada ya saa kadhaa, kwa hiyo egesha mahali pa juu usubiri. Ukipita kidimbwi kisichokwenda, nenda gia ya kwanza bila kuachia mafuta, ukitoka kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke. Gari likiwa na difu ya nyuma na maji yaliifunika, kesho yake mwambie fundi afungue boliti yake aangalie oili: ikiwa ya kijivu, imwagwe yote siku hiyohiyo.