Mashine Inayorekebisha Ujumbe Kabla ya Kuutuma

Mvushaji mzoefu hauelekezi mtumbwi wake moja kwa moja mahali pa kushukia. Anaujua mkondo. Huelekeza ncha upande wa juu wa mto, maji yakamsukuma, akafika palepale alipotaka. Mgeni akiona hudhani jamaa amepotea njia.

Modemu nayo hufanya hivyo. Hii ni mashine inayotuma barua na hesabu kwa waya wa simu, kwa mapigo ya umeme. Kila pigo lina maana yake. Lakini waya mrefu huchafua mapigo: pigo la kwanza huacha mkia, na mkia huangukia pigo la pili. Hapo 600 yaweza kusomwa 800. Kama ni kipimo cha dawa, je, itakuwaje?

Zamani kazi ya kusafisha ilikuwa hasa ya mpokeaji. Mwaka 1971 Martin Tomlinson wa Uingereza, na mwaka 1972 Harashima na Miyakawa wa Japani, walieleza njia nyingine: mtumaji auondoe mkia mapema. Hebu tuhesabu. Tuseme kila pigo huliachia linalofuata nusu yake. Unataka zifike 8 na 6. Basi tuma 8, kisha 2. Mkia wa 8 ni 4. 4 na 2 ni 6.

Shida ni kwamba pengine hesabu hudai pigo kubwa kupita kiasi. Dawa yake ni kama saa ya ukutani. Ukipata saa 15 unatoa 12, inabaki saa 3. Mtumaji hupunguza namna hiyo, na mpokeaji hufanya hesabu ya aina hiyohiyo, akapata namba iliyokusudiwa.

Lakini mtumaji ataujuaje waya? Modemu za V.34, zilizowekewa kanuni mwaka 1994, hupimana kwanza. Moja hutoa milio, nyingine husikiliza na kujibu: rekebisha hivi. Kisha huchagua mwendo, kuanzia biti 2,400 hadi 28,800 kwa sekunde. Mwaka 1996 ukaongezwa hadi 33,600. Waya ukiwa mbovu, mwendo hushushwa. Simu ya mkononi ya 4G nayo huueleza mnara hali ya mawimbi, na mnara huchagua mwendo.

Hesabu ya nyumbani: Barua imepita kwa dakika 1, mwendo ukiwa 28,800. Mwendo ukishuka hadi 2,400, itachukua dakika ngapi? Na kama kila dakika ya simu ni shilingi 50, mwenye barua atalipa kiasi gani?