Jina la Biashara Yako, Je, Ni Lako Kweli?

Umesajili jina la biashara kwa eCitizen, na mteja akilipa analiona kwa simu. Poa. Lakini hiyo pekee haikupi haki ya kumzuia mwingine kuuza sabuni yenye jina kama lako. Tunakushauri usajili alama ya biashara pale KIPI:

1. Omba watafute kama kuna alama iliyosajiliwa inayofanana na yako.
2. Chagua kundi la bidhaa au huduma. Yako 45, sabuni iko kundi la 3.
3. Tuma ombi. Likikubaliwa linachapishwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 kujitokeza.

Ulinzi ni wa miaka 10, kisha unalipia upya. Anza na hatua ya kwanza kabla hujachapisha lebo.