Dondoo Muhimu: Mtoto Mdogo Asipokuwa Shuleni

Kenya ilipofunga shule Machi 2020, wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga, lakini mtoto wa miaka 5 hafundishiki kwa kusikiliza tu. Anahitaji mtu wa kumjibu. Kwa hiyo mtoto wako asipokuwa shuleni, anza na kazi za nyumbani zilizopo. Mnapochambua maharage, mwache ayapange kumi kumi, aondoe matatu, akuambie yamebaki mangapi. Akikosea usimkaripie, mwambie ahesabu tena kwa kidole. Jioni msimulie hadithi kwa lugha aliyoizoea, iwe Kiswahili, Kikamba au Kijaluo, kisha mwachie amalizie mwenyewe.

Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku atasema hana muda wa kufanya haya. Ni kweli, wala halaumiwi. Ila kwa umri huu dakika 15 za kila siku zinafaa kuliko saa 3 za Jumamosi, kwa sababu mtoto mdogo huchoka upesi na hushika jambo kwa kulirudiarudia. Dada mkubwa au bibi anaweza kushika zamu. Hata runinga itasaidia, mradi baadaye awepo wa kumuuliza ameona nini, na kwa nini anadhani mambo yalikwenda vile.