Hatice ni nani? Somo fupi la herufi za Kituruki

Mwanafunzi wangu mmoja alipata kijitabu cha dini kilichochapwa Istanbul, akaja kuniuliza: "Ustadh, huyu Hatike ni nani?" Jina lililoandikwa pale ni Hatice. Nikamwambia, huyo ni Mama wa Waumini, Bi Khadija (r.a.). Kijana alishangaa sana.

Kosa halikuwa lake. Herufi C katika Kituruki husomwa kama J yetu. Kwa hiyo cami ni "jami", yaani msikiti, na cuma ni "juma", ndiyo Ijumaa. C yenye mkia (ç) ni CH, na S yenye mkia (ş) ni SH; ukijua hilo, Ayşe hatakupoteza. Ğ hurefusha irabu iliyoitangulia, basi: dağ, yaani mlima, husomwa "daa". Herufi zote ni 29. Q, W na X hazimo.

Irabu ndizo zinazotaka mazoezi, maana wao wana nane na sisi tano. Kwa ü, tamka "i" huku umeviringa midomo kama anayesema "u". Kwa ö, fanya vivyo hivyo kwa "e". I isiyo na nukta (ı) ndiyo ngumu: ulimi uweke kama wa "u", lakini midomo usiiviringe.

Alifabeti hii ilipitishwa kwa sheria ya tarehe 1 Novemba 1928, wakati wa Mustafa Kemal. Kabla yake Kituruki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Kiswahili wazee wetu wa pwani. Kuanzia Januari 1929 vitabu vipya vilitakiwa kuchapwa kwa herufi mpya. Leo Mturuki ambaye hakusomea hati ya zamani husimama mbele ya kaburi la babu wa babu yake asiweze kusoma jina lililochongwa.

Herufi mpya zilifuata matamshi ya Waturuki wenyewe, ambao tha, sin na sad zote kwao ni S. Ndiyo maana Uthman ni Osman. Ramadhani nayo ni Ramazan. Katika mazungumzo hakuna ubaya, kila lugha ina ulimi wake. Tatizo ni pale Qur'an inapoandikwa kwa herufi hizo. Katika Surat al-Alaq, neno khalaqa, "ameumba", huandikwa halak. Lakini Kiarabu kina haa nyingine ya kooni, na halaqa kwa haa hiyo ni "amenyoa"!

Na kabla hatujawacheka Waturuki, tufungue vijitabu vyetu vya Yasini vya herufi za Kirumi. Haa zote mbili, ya ح na ya ه, mara nyingi zimeandikwa H moja.

Yule kijana sasa anaisoma Hatice sawasawa. Juzuu Amma nimemtaka aisome kwa herufi zake za Kiarabu, hata ikimchukua mwaka mzima.