Somo la Katibu na Mwanachama: Kitenzi "Manage" na Maana Zake katika Kazi za Ushirika

Barua, mikataba na taarifa za ukaguzi ambazo chama cha msingi hupokea kwa lugha ya Kiingereza ni nadra kukosa kitenzi "manage" au maneno yaliyozaliwa nacho. Mara nyingi katibu ndiye anayetarajiwa kuyafasiri mbele ya mkutano. Akiyafasiri visivyo, wanachama huweza kupitisha uamuzi juu ya jambo ambalo halikuandikwa. Kwa hiyo yafaa neno hili lichunguzwe kwa makini.

Asili ya neno

"Manage" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kitaliano. Kitenzi cha Kitaliano "maneggiare" maana yake ni kushika na kutumia kwa mkono, na kilitumika hasa kwa kazi ya kumfunza na kumwongoza farasi. Shina lake ni "mano", yaani mkono, nalo limetokana na neno la Kilatini "manus". Ukoo huohuo umeleta "manuscript", maandishi ya mkono, na "manufacture", ambalo asili yake ni kutengeneza kwa mkono, ingawa sasa hutumika zaidi kwa kazi za mashine viwandani. Baadaye maana ya "manage" iliathiriwa na neno la Kifaransa "ménage", yaani mambo ya nyumba. Hapo ndipo lilipopata pia wazo la kutumia mali kwa uangalifu.

Wasemaji wa Kiswahili hawatashangazwa na asili hii. Hatamu ni kamba au ukanda wa kumwongozea mnyama, nasi tumezoea kusikia kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi. Lakini ikumbukwe kwamba anayeshika hatamu si lazima awe mwenye mnyama. Mara nyingi ni mtu aliyekabidhiwa tu.

Maana zinazotumika

Maana ya kwanza ni kuendesha shughuli. "To manage a store" ni kuendesha ghala: kupokea mzigo, kuupima, kuutunza, kuutoa na kuandika yote hayo. Kutokana na maana hii Kiswahili kimepata neno meneja.

Maana ya pili ni kufaulu baada ya taabu. Maana hii hutambulikana kwa kuwa "manage" hufuatwa na "to" pamoja na kitenzi kingine. Tuseme mnunuzi ameandika: "We managed to collect 200 bags." Tafsiri yake ni kwamba walifanikiwa, kwa shida, kukusanya magunia 200. Katibu akisema kwamba mnunuzi "alisimamia ukusanyaji wa magunia 200", wanachama hawataona dalili ya shida iliyomo katika sentensi hiyo. Hakuna atakayeuliza kama yako magunia yaliyobaki, wala ni nani atakayebeba hasara yake.

Maana ya tatu ni kumudu bila msaada. Chama kikuu kikiuliza kama chama cha msingi kinahitaji lori la kubebea mazao, na jibu likaandikwa "We can manage", lori halitakuja. Jibu hilo maana yake ni "tutamudu wenyewe". Si ahadi ya kulipokea lori na kulisimamia.

Usimamizi mbaya si lazima uwe wizi

Neno linalohitaji hadhari kubwa zaidi ni "mismanagement". Kitangulizi "mis-" huonyesha ubaya au ukosefu. Neno zima lina maana ya uendeshaji mbaya: stakabadhi hazikutunzwa, mazao yaliachwa yakaharibika, mkopo ulichukuliwa bila hesabu ya namna ya kuulipa. Mambo haya huweza kuficha wizi, lakini peke yake si ushahidi wa wizi. Mkaguzi anapoona wizi hutumia maneno mengine, kama "theft" au "fraud". Katibu anayesoma "mismanagement" na kutangaza "wizi" anaweza kumvunjia heshima mtu asiye na hatia. Na yule anayelifasiri kwa upole, akaliita "upungufu mdogo", huwanyima wanachama haki ya kujua hali ya mali yao.

Kuendesha na kudhibiti

Kwa Kiswahili "management" huitwa mara nyingi usimamizi. Lakini neno usimamizi hubeba pia maana ya "supervision", yaani kuangalia kazi inayofanywa na wengine. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, lililoundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1982, linalo neno hilo katika jina lake kwa maana hii ya pili. Halikuundwa liwe meneja wa vyama. Pale panapoweza kuzuka utata, ni heri kutumia "uendeshaji" kwa kazi ya kila siku ya meneja, na kuacha "usimamizi" kwa kazi ya kuangalia.

Tena liko neno "control". Asili yake ni kitabu cha pili cha hesabu, kilichowekwa mbali na cha kwanza ili viwili hivyo vilinganishwe na udanganyifu ugunduliwe. Kanuni za ushirika zilizotangazwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mwaka 1995 zilitumia neno hili katika kanuni ya pili, inayohusu udhibiti wa kidemokrasia wa wanachama. Hivyo meneja huendesha, nao wanachama hudhibiti. Mmoja ameshika hatamu, na wengine ndio wenye farasi, na daftari la kulinganishia ni haki yao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkutano unaoachia kila jambo mikononi mwa meneja haujamheshimu, bali umemtwisha mzigo ambao si wake. Na mkutano unaotaka kuamua kila siku gunia gani lipimwe kwanza umemnyang'anya hatamu aliyoajiriwa kuishika.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Fasirini sentensi hizi mbili na kueleza tofauti yake: "The society managed the payment of members" na "The society managed to pay its members".

2. Taarifa ya ukaguzi imetaja "mismanagement" katika ghala. Ni maswali gani mkutano umuulize mkaguzi kabla ya kumhukumu mtu yeyote?

3. Katika chama chenu, ni kazi zipi za kuendesha na zipi za kudhibiti? Je, ipo kazi ambayo mtu mmoja anaifanya kwa pande zote mbili?