Kijana wa Paje, mshahara wa Dubai na mkataba alioutia saini

Barazani Paje, baada ya sala ya Isha, lililetwa suala ambalo mwanzo lilionekana dogo. Kijana wa hapo hapo, aliyesomea kompyuta hapa Unguja na kupata kazi ya kutengeneza programu Dubai, amempigia simu mzee wake. Ana miezi saba kazini, na kampuni nyengine imemuahidi mshahara mkubwa zaidi. Anauliza: akihama, atakuwa amevunja ahadi mbele ya Allah (SW)?

Mmoja akajibu papo hapo kuwa riziki haikataliwi, aende. Mwengine akasema aliyekutoa kwenu akakulipia tiketi humuachi hata mwaka haujesha. Wote wawili walisema kwa nia njema, na wote wawili walijibu kabla ya kuuliza mkataba wa kijana unasema nini.

Safari ya kwenda Arabuni kutafuta maisha si ngeni kwetu. Wazanzibari wengi walihamia Oman baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman warudi kuijenga. Lakini wale walikwenda kama watoto wa nyumbani, wakapata uraia. Kijana wa leo anakwenda kwa viza ya kazi, na ukaazi wake umefungamana na mwajiri wake. Kwa hiyo ushauri wa mjomba aliyekwenda Muscat miaka ya sabini, pamoja na heshima zote, haumfai sana kijana huyu.

Tuanze na sheria ya dini. Kazi ya mshahara katika fiq'hi huitwa ijara, na mfano wake bora umo katika Surat al-Qasas, aya ya 26 mpaka ya 28, katika kisa cha Nabii Musa (AS) alipofika Madyan naye ni mkimbizi asiye na kitu. Binti anamshauri baba yake amuajiri kwa sababu mbili: ana nguvu na ni muaminifu. Kisha mzee yule anataja muda, miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda, na anasema hataki kumtaabisha. Musa naye anajibu kuwa muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe, na anamfanya Allah kuwa shahidi. Tazama vilivyomo: muda unajulikana, malipo yanajulikana, na hiari imetengwa na lazima. Mgeni asiye na mtu wa kumtetea alipewa masharti yaliyo wazi, na akapewa nafasi ya kuweka sharti lake.

Wanazuoni walio wengi wanaona ijara ni mkataba unaofunga. Upande mmoja hauwezi kuuvunja kwa kupenda tu. Na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Waislamu wanafungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sasa, ikiwa masharti yenyewe yanasema kila upande unaweza kuondoka kwa kutoa taarifa ya siku kadhaa, basi anayetoa taarifa na kuitumikia ametekeleza mkataba. Khiyana ni kuzima simu na kutoroka usiku.

Na huko Dubai mambo haya yameandikwa. Sheria ya kazi ya Imarati namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi 6. Mfanyakazi anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwengine humo nchini akiwa katika majaribio hutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemrudishia wa mwanzo gharama za kumleta, isipokuwa wakikubaliana vyengine. Majaribio yakishapita, taarifa ni kati ya siku 30 na 90 kama mkataba ulivyosema. Kwa hiyo suala la tiketi lililomkera yule mzee, watunga sheria wameshalifikiria. Sheria hiyo pia inamkataza mwajiri kuzuia pasipoti, na kumtoza mfanyakazi gharama za ajira. Wakala wa hapa petu anayemdai kijana fedha kwa ajili ya "nafasi" na aulizwe nafasi hiyo ni ya nani.

Oman nako, tangu Januari 2021, mfanyakazi aliyemaliza mkataba hahitaji tena karatasi ya mwajiri wa zamani kusema hana pingamizi. Karatasi ile iliwafunga watu wengi.

Tuje kwenye hesabu, maana vijana wetu husoma tarakimu moja tu, ile ya chini kabisa. Mshahara wa kule hugawanywa: kuna mshahara wa msingi na kuna posho. Kiinua mgongo huhesabiwa kwa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Chukua watu wawili wanaolipwa dirham 9,000 kila mmoja. Wa kwanza msingi wake ni 3,600, wa pili ni 6,000. Baada ya miaka 3 wa kwanza ataondoka na 7,560, wa pili 12,600. Na asiyetimiza mwaka hapati kitu. Kijana wetu mwenye miezi saba ajue hilo kabla ya kusema ndiyo. Aulize pia nyumba ni ya nani: 8,000 na chumba cha kampuni huenda ikaishinda 9,000 ya kujipangia mwenyewe.

Ipo hesabu nyengine ambayo haimo katika mkataba. Hiyo kampuni mpya inafanya nini? Mtengeneza programu anaweza kujikuta anaunda mfumo wa kamari au wa kukokotoa riba, akajiambia kuwa yeye anaandika herufi tu. Mtume (SAW) alimlaani mla riba, mwenye kuilisha, muandishi wake na mashahidi wake. Muandishi wa zamani alishika kalamu; wa leo sijui tumwite nani mwengine. Na kazi aliyoifanya kwa mwajiri wa kwanza ni amana kwake, haichukuliwi katika kidude cha mfukoni kwenda kumfurahisha wa pili.

Nilitaka kuishia hapo, lakini palepale Paje kuna jambo limenizuia. Kijiji hiki, ambacho kina mama zetu walianza kilimo cha mwani mwaka 1989, leo kimejaa hoteli na wageni wa kurusha vishada baharini. Wapo wanaokaa miezi na kompyuta zao, wakifanyia kazi kampuni za Ulaya. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha mpango wa Silicon Zanzibar kuzivuta kampuni za teknolojia na wataalamu wake. Vizuri. Ila jikoni na bustanini katika nyumba hizo, na katika nyumba zetu wenyewe, wamo vijana wa Bara na wa Kenya. Wangapi wana mkataba ulioandikwa? Msichana wa kazi akisema amepata pahala penye mshahara bora tunamwita asiye na shukurani, na mwezi wake wa mwisho tunaukata. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Allah anajitangaza kuwa mpinzani siku ya Kiyama wa mtu aliyemuajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hakikutajwa kwamba mwajiri huyo awe Dubai.

Kijana tulimjibu hivi: soma kifungu cha taarifa, uliza msingi ni kiasi gani na kampuni inauza nini, sali istikhara, kisha andika barua. Alipotuma picha ya mkataba, taarifa ilikuwa ni ya siku 60, na mwajiri mpya anamtaka ndani ya wiki mbili. Tumemwambia amuulize kama atasubiri. Jibu bado halijaja.