Ngoma Isiwe Kero: Kutawala Sauti Uwanjani

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Siku hizi ngoma ni spika, na kinachopasuka ni masikio ya watu. Sipingi burudani, jamani. Muziki ukilia hata miguu yangu haitulii. Lakini uwanja hauna kuta. Muziki huwafikia pia mgonjwa, mtoto mchanga na mtahiniwa wa kidato cha nne ambao hawakulipa kiingilio. Tufanyeje? Wengi hujibu, "Si wapunguze sauti tu!" Hilo ni nusu ya jibu.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwa spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Ikiwa ni 100 ukiwa mita 10, basi mita 20 ni 94, mita 40 ni 88, na mita 80 ni 82. Walio mbele wanaziba masikio, walio nyuma wanapiga kelele "Hatusikii!" Fundi naye anaongeza. Kero huanzia hapo.

Dawa ni hizi:

Kwanza, tusitegemee spika mbili kubwa jukwaani. Tuweke nyingine ndogo katikati ya watu. Ila sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika zilizo mita 68 mbele ya jukwaa zicheleweshwe kwa sekunde 0.2, la sivyo neno moja litasikika mara mbili.

Pili, spika zitundikwe juu, ziinamishwe kuelekea watazamaji na kuzipa nyumba mgongo. Sauti nyembamba hutii. Besi haitii, huenea pande zote na kupenya kuta. Ndiyo sababu ukiwa kitandani husikii maneno ya wimbo, unasikia ndu! ndu! ndu! tu. Basi besi ndiyo ipunguzwe kwanza.

Tatu, tuchunge saa. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti ambayo ingepaa hupindwa ikarudi chini mbali sana. Kiwango kilichofaa alasiri hakifai saa nne usiku.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili. Kwa hesabu yetu, ile sauti ya 100 ingehitaji zaidi ya kilomita 3 ndipo ishuke hadi 50! Umbali peke yake hautatuokoa.

Kwa hivyo naomba siku yetu ya muziki imalizike kabla ya saa mbili, na majirani waarifiwe mapema. Jirani aliyeheshimiwa hatatuombea mvua.

Zoezi: Sauti ni desibeli 90 ukiwa mita 5 kutoka kwa spika. Mita 40 itakuwa ngapi? (Jibu: 72.)